Mtandao Ukipotea Ofisini: Tafuta Kwanza Mahali Njia Ilipokatika

Siku hizi kazi nyingi za ofisi ya parokia na za vikundi vyetu vya maendeleo zinapitia kwenye kompyuta, au tarakilishi kama watoto wetu wanavyofundishwa shuleni. Mama akitaka cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ombi linapelekwa kwa njia ya eCitizen. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilipochukua mahali pa NHIF, wazee wengi wamekuwa wakiletwa na wajukuu wao ili wasaidiwe kujiandikisha. Wafanyakazi nao wanatakiwa kupeleka hesabu zao za kodi kwa KRA kabla ya tarehe 30 Juni kuisha. Halafu kuna fomu za basari, barua za wafadhili, na hesabu za kikundi.

Sasa mama huyo ameacha shamba, ametoa nauli ya matatu, na amefika saa tano za asubuhi. Karani anamwambia, "Pole mama, mtandao uko chini. Jaribu kesho." Kesho anarudi, anaambiwa yale yale. Mara ya tatu harudi tena, na mtoto anabaki bila cheti.

Kusema "mtandao uko chini" ni kama daktari kumwambia mgonjwa kwamba yeye ni mgonjwa. Kweli ni mgonjwa, lakini anaumwa wapi? Mtandao unaweza kupotea kwa sababu nyingi sana, na baadhi yake ziko ndani ya chumba chenu, hatua tatu kutoka kwenye kiti cha karani. Nimeona kikundi cha akina mama kikishauriwa na fundi kununua kompyuta mpya, wakaanza hata kuchanga, kumbe shida ilikuwa waya mmoja wa shilingi mia chache. Mimi ni mfanyakazi wa jamii, si fundi. Lakini haya ninayoyaeleza karani yeyote anaweza kuyafanya bila kufungua bisibisi, na hata kama hatapata dawa, atajua amwite nani na amwambie nini.

FIKIRIA MRADI WA MAJI

Wengi wetu tumefanya kazi kwenye miradi ya maji. Maji yanatoka chemchemi, yanaingia tangi, yanapita bomba kubwa, kisha mabomba madogo, mwisho yanafika mfereji wa kijiji. Mfereji ukikauka, hakuna mtu mwenye akili anayeanza kwa kubadilisha mfereji. Tunafuata bomba. Tunauliza: jirani anapata maji? Tangi lina maji? Pale tunapokuta maji yapo upande huu na upande ule hayapo, hapo katikati ndipo palipopasuka.

Mtandao ni vivyo hivyo. Kompyuta yako ndiyo mfereji. Kutoka hapo kuna waya, au hewa tu kama mnatumia waifai. Waya unaingia kwenye kisanduku chenye matundu mengi ambacho mafundi hukiita swichi. Kazi yake ni kuunganisha kompyuta na printa za ofisi. Kutoka hapo kuna ruta, ambayo ndiyo mlango wa kutokea nje. Mara nyingi ruta na kile kifaa cha kampuni inayowauzia mtandao ni kitu kimoja. Nje ya nyumba kuna waya wa faiba kwenye nguzo, au mnara wa simu. Kutoka hapo safari ni ndefu, mpaka Nairobi, mpaka Mombasa ambako waya wa chini ya bahari wa Seacom uliwasili mwaka 2009, na kuendelea nchi za mbali.

Kazi yako ni kufuata bomba hilo kuanzia kwako kwenda nje, hatua kwa hatua, mpaka uone mahali maji yanapokoma.

KABLA YA KUGUSA KITU, ULIZA

Swali la kwanza: ni kompyuta moja au ni zote? Hili swali peke yake linaondoa nusu ya kazi. Kama kompyuta ya mweka hazina imepoteza mtandao na ya karani inaendelea vizuri, basi ruta ni nzima, kampuni haina kosa, na hakuna haja ya kupiga simu Nairobi. Shida iko kwa mweka hazina, au kwenye waya wake. Kama ni zote pamoja, acha kompyuta ya mweka hazina, nenda moja kwa moja kwenye swichi na ruta.

Swali la pili: ni saa ngapi? Mtandao unaopotea na kurudi unasumbua kuliko ule uliokufa kabisa, kwa sababu fundi akija unakuwa umerudi, na anaondoka akidhani mnamchezea. Lakini mtandao wa namna hiyo mara nyingi una saa zake. Kuna ofisi moja ambako kompyuta zote zilikuwa zinakatika kila siku mnamo saa nne, kwa dakika mbili tatu hivi, kisha zinarudi. Watu wakasema ni kampuni. Kumbe saa nne ni wakati wa chai. Birika la stima lilichomekwa kwenye ekstensheni ile ile iliyolisha swichi, na ekstensheni yenyewe ilikuwa imelegea. Kila aliyechomeka birika aliitikisa, swichi inazima, inawaka tena. Dawa ilikuwa ni kutafutia birika soketi yake na kutupa ile ekstensheni.

Swali la tatu: ni kitu gani kilibadilika? Mlihamisha meza? Mlileta printa mpya? Stima ilipotea usiku? Kuna mtu alifagia chini ya meza? Watu husema "hakuna kitu kilichobadilika," lakini ukikaa nao kidogo na kuuliza kwa upole, jambo hutokea. Usiulize kama polisi. Msichana wa usafi akiona anatafutwa wa kulaumiwa, hatasema alisogeza waya, na mtatafuta wiki nzima.

WAYA NA TAA ZAKE

Angalia nyuma ya kompyuta pale waya wa mtandao unapoingia. Kwa kawaida kuna taa ndogo hapo, ya kijani au ya manjano. Taa ikiwaka, kompyuta na swichi zinaonana. Ikiwa hakuna taa kabisa, waya hauna uhai, au swichi haina stima. Fuata waya huo mpaka kwenye swichi, uangalie taa ya tundu lile lile.

Waya wa mtandao una nyuzi nane ndani, zimesokotwa mbili mbili. Mwisho wake una plagi ya plastiki yenye kiulimi kidogo kinacholia "ta" unapokiingiza. Kiulimi hicho huvunjika kwa urahisi. Kikishavunjika, plagi inakaa mahali pake kwa macho tu; ukigusa meza, inatoka nusu. Hiki ni chanzo cha kupotea na kurudi kwa mtandao ambacho nimekiona mara nyingi kuliko chochote kingine. Usifunge na gundi ya karatasi. Nunua waya mwingine mfupi, au mwite fundi abadilishe plagi.

Waya unaopita chini ya miguu ya kiti hukatika ndani hali ngozi ya nje inaonekana nzima. Panya nao, hasa kwenye ofisi zilizo karibu na ghala la mahindi, wanapenda nyaya zinazopita juu ya dari. Njia rahisi ya kujua ni kubadilishana: chukua waya wa kompyuta inayofanya kazi, uuweke kwenye ile mbovu. Ikipona, umeshajua. Isipopona, jaribu tundu lingine la swichi, kwa sababu tundu moja linaweza kufa na mengine yakabaki mazima. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na mtandao ukarudi, hutajua ni kipi kilichokuwa kibovu, na kile kibovu kitarudishwa kabatini kisubiri kuwasumbua mwakani.

Tena, waya wa namna hii umetengenezwa kwa urefu usiozidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Parokia moja ilivuta waya mmoja kutoka ofisini, ukapita nyuma ya kanisa, ukafika shule ya chekechea. Ulikuwa ukifanya kazi siku moja, siku mbili haufanyi. Hapo hakuna wa kulaumiwa isipokuwa urefu.

Jambo moja linalowashangaza hata mafundi wachanga: waya mmoja unaweza kuangusha ofisi nzima. Mtu anafagia, anaona waya unaning'inia karibu na swichi, kwa nia njema anauchomeka kwenye tundu lililo wazi. Hajui kwamba upande wa pili wa waya huo umeshachomekwa kwenye swichi ile ile. Sasa ujumbe unatoka huku unaingia huku, unazunguka na kuongezeka bila kikomo, mpaka hakuna kompyuta inayoweza kusema neno. Swichi nyingi za bei ndogo haziwezi kujikinga na jambo hili. Dalili yake ni kwamba taa zote za swichi zinapepesa kwa kasi, zote pamoja, kama zimepagawa. Chomoa waya mmoja baada ya mwingine, ukiangalia taa. Ukitoa ule wa kosa, zinatulia.

ANWANI YA KOMPYUTA

Kama taa zinawaka vizuri na bado hakuna mtandao, ingia ndani ya kompyuta kidogo. Usiogope, hatuharibu kitu, tunasoma tu.

Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows, andika cmd, halafu bonyeza Enter. Dirisha jeusi litafunguka. Andika ipconfig, bonyeza Enter tena. Yatatokea maneno mengi; wewe tafuta mstari ulioandikwa IPv4 Address, na mwingine ulioandikwa Default Gateway. Wa kwanza ni anwani ya kompyuta yako. Wa pili ni anwani ya ruta, yaani ule mlango wa kutokea.

Kompyuta haijipi anwani hivi hivi. Inapowaka, inapiga hodi kwenye ruta na kuomba namba, na ruta inaiazima namba kwa muda. Katika ofisi nyingi namba hiyo huanza na 192.168. Ukiona inaanza na 169.254, maana yake kompyuta ilipiga hodi, haikujibiwa, ikajichagulia namba yake. Kwa namba hiyo haiendi popote nje. Basi utajua kwamba shida iko kati ya kompyuta na ruta: waya, swichi, au ruta yenyewe imechoka. Andika ipconfig /release, bonyeza Enter, kisha ipconfig /renew, ili ipige hodi upya. Isipojibiwa, zima ruta, hesabu mpaka thelathini, iwashe, na usubiri dakika chache kabla ya kujaribu tena.

Hapa nitoe onyo. Nyuma ya ruta nyingi kuna kitundu kidogo ambacho watu hukichokoa kwa sindano au kalamu. Kitundu hicho hakizimi na kuwasha. Kinafuta mipangilio yote, pamoja na ile iliyowekwa na kampuni. Ukikichokoa, unaweza kuwa umeligeuza tatizo la dakika tano kuwa la wiki moja. Kuzima ruta ni kuchomoa stima yake, basi.

Kuna ugonjwa mwingine wa anwani: vifaa viwili kuwa na namba moja. Fundi alipoleta printa aliipa namba yake ya kudumu, bila kuiambia ruta. Miezi miwili baadaye ruta inaazima namba ile ile kwa kompyuta ya Sista. Printa ikizimwa, Sista anafanya kazi kwa raha. Printa ikiwashwa, mtandao wa Sista unapotea, au kuchapisha kunashindikana. Ni kama watu wawili kupewa sanduku moja la posta. Ukiona kompyuta inapotea kila kifaa fulani kinapowashwa, mwambie fundi neno moja tu, kwamba namba zinagongana. Atajua la kufanya kwenye ruta.

KUBISHA HODI KWA PING

Katika lile dirisha jeusi, andika ping, acha nafasi, kisha andika ile namba ya ruta uliyoisoma, kwa mfano ping 192.168.1.1. Kompyuta itabisha hodi mara nne. Ikijibiwa mara nne, njia mpaka kwenye ruta ni nzima. Ikijibiwa mara mbili na kukosa mbili, waya umelegea au waifai ni dhaifu. Isipojibiwa kabisa, rudi kwenye waya.

Ruta ikijibu, bisha mbali zaidi: ping 8.8.8.8. Hiyo ni namba ya huduma ya Google iliyo wazi kwa watu wote tangu mwaka 2009. Ikijibu, mtandao wako umetoka nje ya ofisi na umerudi. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 isijibu, hapo ndipo unapoweza kusema kwa haki kwamba huenda kampuni ina shida, au data mliyolipia imeisha. Tafadhali angalieni hili la data kwanza. Ni aibu kumpigia meneja kelele halafu akuambie kwamba malipo ya mwezi hayajaingia.

Wakati mwingine 8.8.8.8 inajibu vizuri kabisa lakini ukiandika jina la tovuti hakuna kinachofunguka. Hapo kilichoharibika si njia, ni kitabu cha majina. Kompyuta haijui majina kama tunavyoyajua sisi. Kila jina lazima ligeuzwe kuwa namba, kama unavyotafuta jina la mtu kwenye simu ili upate namba yake. Kitabu hicho kikikosa kujibu, tovuti zote zinaonekana zimekufa hali ziko hai. Andika ipconfig /flushdns ili kompyuta isahau majibu ya zamani, na uizime ruta kama nilivyoeleza. Ikiendelea hivyo kila siku, fundi anaweza kuiwekea kompyuta kitabu kingine.

KOMPYUTA INAYOLALA NA SAA INAYODANGANYA

Haya mawili nayaweka pamoja kwa kuwa hayaonekani kwenye taa wala kwenye waya.

La kwanza ni kulala. Karani anaenda chakula cha mchana, anarudi saa nane, mtandao haupo. Anazima kompyuta na kuiwasha, unarudi. Kesho vivyo hivyo. Windows ina tabia ya kukizima kifaa cha mtandao ili kuokoa stima, na wakati mwingine kifaa hicho hakiamki vizuri. Bofya alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Device Manager, fungua Network adapters, bofya mara mbili jina la kifaa chako, na utafute ukurasa wa Power Management. Kuna kisanduku chenye tiki kinachoruhusu kompyuta kuzima kifaa hicho. Toa tiki hiyo, ubonyeze OK. Si kompyuta zote zinazoonyesha ukurasa huo, lakini ukiwepo, dawa hii haina gharama.

La pili ni saa. Kompyuta nyingi za ofisi zetu ni za kupewa, zimeshatumika miaka mingi kwingineko. Ndani yake kuna betri ndogo, bapa kama sarafu, mara nyingi ile inayoitwa CR2032. Kazi yake ni kutunza tarehe na saa wakati stima haipo. Betri ikifa, kila stima ikipotea kompyuta inarudi miaka mingi nyuma. Sasa tovuti za serikali na za benki zina hati ya usalama yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini kwamba leo ni mwaka 2010 inaiona hati hiyo kuwa si halali, inakataa kufungua. Karani anaona maneno ya onyo, anasema mtandao umeharibika. Angalia tarehe pale chini kulia. Irekebishe, jaribu tena. Betri yenyewe ni ya bei ndogo na inapatikana hata kwa fundi wa saa. Lakini tarehe ikiwa sawa na onyo bado lipo, usilazimishe kupita. Huenda ni tovuti ya wezi, na hapo utakuwa unaandika namba za vitambulisho vya watu.

Wako mafundi watakaosema kompyuta inapoteza mtandao kwa sababu Windows yake ni ya zamani. Ni kweli kwamba Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ni vizuri kamati ijipange kwa hilo kwa ajili ya usalama. Lakini hilo halikati waya wala halizimi taa. Msikubali lichanganywe na tatizo la leo. Na kama fundi anataka kufuta kompyuta yote na kuanza upya, asiguse kitu mpaka hesabu na orodha za watoto ziwe zimenakiliwa kwenye kifaa kingine.

KAMA MNATUMIA WAIFAI

Waifai ni rahisi kuweka na ni ngumu kuamini. Ukuta wa mawe hulipunguza wimbi lake, na bati hulizuia karibu kabisa. Ofisi iliyogawanywa kwa mabati haiwezi kutegemea ruta moja iliyofichwa kwenye kabati la chuma ili isiibwe, na nimeliona kabati hilo kwa macho yangu. Ruta nyingi zina masafa mawili. Yale ya 2.4 yanafika mbali zaidi lakini yana msongamano, na hata tanuri la maikrowevu kwenye jiko la mapadri linaweza kuyasumbua. Yale ya 5 yana kasi lakini hayapendi kuta. Kompyuta iliyo mbali na iwekwe kwenye 2.4, au bora zaidi ipewe waya. Kwenye laputopu, hakikisha pia mtu hajabonyeza alama ya ndege kwa bahati mbaya.

Halafu kuna neno la siri. Lilipewa kwaya, kwaya wakawapa vijana, na sasa kila simu inayopita uwanjani inajiunga yenyewe. Ruta ndogo haiwezi kubeba simu arobaini zinazotazama video na hapo hapo kumsajili mzee SHA. Badilisheni neno hilo, lile jipya likae kwa watu wa ofisi. Vijana wakihitaji mtandao kwa masomo, ruta nyingi zinaweza kutoa jina la pili la wageni lenye mipaka.

Simu yako pia ni chombo kizuri cha kupimia. Washa hotispoti kwenye simu, unganisha laputopu kwayo. Tovuti zikifunguka, laputopu ni nzima na shida iko kwenye mtandao wa ofisi. Zisipofunguka, shida iko ndani ya laputopu. Na wakati huo huo unaweza kumhudumia yule mama aliyekaa kwenye benchi. Angalia tu data yako, maana Windows ikipata nafasi hupakua mambo yake makubwa bila kuuliza.

SHIDA IKIWA KWELI IKO NJE

Kwenye kifaa cha faiba mara nyingi kuna taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: waya umekatika au umekunjwa sana. Angalia kama lori halijaung'oa, au kama kuna mtu anayepunguza miti. Usiufungue wala kuupinda. Faiba ni kioo chembamba, na usiuchungulie kwa jicho. Piga simu kwa kampuni, useme, "Taa ya LOS ni nyekundu tangu saa tatu na dakika kumi, kompyuta zote, ruta nimeizima na kuiwasha." Mtu anayesema hivyo hawezi kuzungushwa kwa maswali ya kitoto.

Na kuna siku ambapo hata kampuni haina la kufanya mara moja. Jumapili tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa kusini, na mtandao ukawa wa kubahatisha Kenya na nchi jirani kwa siku kadhaa. Siku ya namna hiyo ping ya ruta inajibu, taa zote ni za kijani, lakini nje hakuendeki vizuri. Redio itasema. Wewe tulia.

STIMA NA RADI

Stima inayopotea na kurudi kwa kishindo huua swichi na ruta kuliko uzee. Kile kifaa chenye betri tunachowekea kompyuta, basi na ruta iwekwe hapo hapo. Inakula stima kidogo sana. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, ofisi nyingi zilikuwa na laputopu zenye chaji na ruta iliyokufa.

Kwa ndugu zetu wa Kisii, Kakamega na sehemu zote za kuelekea Ziwa Viktoria, ambako ngurumo ni nyingi, chomoeni vitu mvua ikianza kujikusanya, si inapokuwa juu yenu. Msichomoe stima peke yake. Radi hupita pia kwenye ule waya wa mtandao, hasa unaotoka jengo moja kwenda lingine kwa nje. Kama kompyuta inawaka vizuri baada ya radi lakini tundu la mtandao halina taa hata kwa waya mzuri, mara nyingi ni tundu hilo lililoungua. Kuna kifaa kidogo cha USB cha kuunganisha waya wa mtandao, kinatosha. Kompyuta haitupwi.

DAFTARI MBILI

Wekeni daftari karibu na ruta. Kila mtandao ukipotea, karani aandike tarehe, saa, ni kompyuta gani, taa zilikuwaje, ping ilijibu wapi, na kilichosaidia. Baada ya mwezi mtaona mkondo wenyewe, na fundi atamaliza kwa saa moja kazi ambayo angeifanya siku mbili. Nyuma ya daftari bandikeni namba ya mteja ya kampuni, namba ya simu ya huduma, na tarehe ya kulipia.

Daftari ya pili ni ya watu. Mtandao ukiwa haupo, usimwambie mama arudi kesho. Mkaribishe, mwandikie jina, kijiji, namba ya simu yake au ya jirani, na shida iliyomleta. Mweleze karatasi zinazohitajika ili akirudi asikose hata moja. Nakala ya kitambulisho unaweza kuichukua hapo hapo, kwa kuwa mashine ya nakala haihitaji mtandao. Neno lake la siri la eCitizen usiliandike popote. Mtandao ukirudi, hata kama ni saa kumi jioni, mpigie wewe umwambie siku na saa ya kuja, na umwanze yeye kabla ya wale waliofika asubuhi hiyo.